Re: Bunduki ya marisau ya babu, naweza kuirudisha sura?

Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kama bunduki ya mitutu miwili aliyoacha marehemu babu inaweza kusafishwa na kubadilishwa kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani. Inawezekana, na ni kazi tamu sana. Ila leseni ilikuwa ya babu, si yako. Anzia polisi, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo.

Kitako usikikimbilie kukitupa. Pale kilipobonyea, weka kitambaa chenye maji, kandamiza kwa pasi ya moto. Mvuke unaivimbisha mbao na shimo linapanda taratibu mpaka unashangaa. Kikikauka, piga msasa laini kufuata nyuzi, lakini usiguse pale mbao inapokutana na chuma, mbao itashuka chini ya chuma na kuacha ngazi mbaya. Kisha mafuta ya kitani, tone kidogo, sugua kwa kiganja, acha ikauke, rudia. Kama kimepasuka kabisa, tafuta mninga mkavu. Paini ya huko kwenu ni laini mno, itachanika.

Kutu iondoe kwa mafuta na steliwaya laini. Grenda hapana! Namba na mihuri ya kiwandani visifutike.

Angalia mitutu kwa makini: ukiona michirizi kama mawimbi kwenye chuma, huenda ni Damascus, yaani mitutu iliyosokotwa kwa vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa moto, ya enzi za baruti nyeusi. Hiyo usiipigie risasi za kisasa hata moja. Ing'arishe tu, ikae kama kumbukumbu.