Anti wa Ajira: Nilirudishwa mlangoni kwenye usaili, sasa kuna mtu anataka laki tatu

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni binti nipo Morogoro, nimesomea uhasibu, chuo nilimaliza 2022 na tangu hapo natuma tu maombi, kimya. Mwaka jana nikaitwa usaili Dodoma kupitia Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, mama akakopa kikoba nikapata nauli, kufika kwenye uhakiki wananirudisha eti NIDA wameongeza herufi H kwenye jina langu haipo kwenye cheti cha form four, hata karatasi ya mtihani sikuiona. Sasa kuna kaka kanipigia anajiita afisa, anasema jina langu liko kwenye kanzidata ila liko chini, nitoe laki tatu alisogeze. Mama yuko tayari kukopa tena. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo afisa kabla mama hajafika kwenye kikoba. Kanzidata ni ya watu waliofanya usaili wakafaulu ila nafasi zikawa zimejaa, ikitokea nafasi ya kada ile ndo wanapangiwa. Sasa we hata peni hukushika, jina lako limefikaje huko? Huyo ni tapeli tu. Piga TAKUKURU 113, ni bure, uwape namba yake, na usimtukane maana akijua umestuka anabadilisha laini.

Hilo la majina ndo linalowamaliza wengi, afu tunakimbilia kusema koneksheni (ipo, sikatai, ila haikuongeza H kwenye kitambulisho chako). Chukua cheti cha kuzaliwa, vyeti vyote vya shule na chuo na hiyo NIDA, vitandaze kitandani usome herufi kwa herufi, na jina la kati pia, watu wanalisahau sana. Kama NIDA peke yake ndo imepotoka nenda ofisi yao ya wilaya ukaombe marekebisho ifuate vyeti, maana cheti cha NECTA kukibadilisha ni kazi. Kama vyeti vyenyewe vinapishana basi ni deed poll, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina, wakili anakuandalia afu inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, usiishie kwenye muhuri wa wakili ukarudi na karatasi nusu. Uanze sasa hivi, usisubiri tangazo, kwa sababu usaili ukishatangazwa siku zinakuwa chache na hizo ofisi zina foleni zake.

Ukiwa humo kwenye portal hakikisha ulichopandisha ni cheti chenyewe, sio rizalti slipu wala provisheno (matokeo ya muda), matangazo yanazikataa waziwazi na bado watu wanaweka kila siku. Na hela ya mama itunzwe kwa ajili ya safari ijayo, msailiwa anajigharamia nauli, chakula na kulala.

Kuhusu kukaa nyumbani, we ni mhasibu bwana! Kila ikikaribia tarehe 20 wafanyabiashara wanahangaika na ritani za VAT, risiti za EFD zimejaa kwenye mifuko ya rambo hazijapangwa. Nenda kwenye ofisi ndogo za wahasibu hapo mjini tarehe 10 hivi, usiombe kazi, sema naweza kuwapangia risiti na kuingiza kwenye Excel, mnipe nauli na chakula cha mchana. Ukikaa miezi kadhaa waombe barua, ndo uzoefu wenyewe huo. Na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, nao wana mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, jiandikishe wiki hii.