Siku tano Kili? Mkuu usilipe kwanza

Mkuu futa hizo siku tano. Umeandika wewe na mchumba wako mko Iringa, mnaacha kazi mkazunguke milima ya dunia mwaka mzima, mnaanza na Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku tano ili kuokoa hela, kisha mnaunganisha Nepal, na umeuliza viza, viatu, kamera na bajeti. Viatu na kamera nitavigusa mwishoni. Ila hapo kwenye siku tano ndipo mimi na waifu tulipoangukia.

Sisi ni wa Mbeya, tuliuza eka mbili za parachichi kule Tukuyu kwa ajili ya safari hiyohiyo. Jamaa aliyetuuzia safari pale Moshi akatuambia eti nyie watu wa Mbeya mmezaliwa mlimani, mwinuko hauwagusi, ile siku ya kupumzika Horombo, kambi ya pili ya njia hiyo, ni ya wazungu. Nikamwamini kwa sababu Rungwe tunapanda na kushuka siku moja. Ndugu yangu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 na Rungwe yenyewe haifiki 3,000! Marangu unalala Mandara 2,720, kesho yake Horombo 3,720, keshokutwa Kibo 4,720, yaani mita elfu moja kila siku, halafu usiku huohuo mnaamshwa muende kileleni 5,895 ambako hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya Dar. Mwili hauulizi umezaliwa wapi wala una mazoezi kiasi gani.

Waifu kichwa kilianza kumuuma Horombo, akameza panadol akasema twende tu tumeshalipia. Kibo akatapika mara mbili, msaidizi wa safari anasema kawaida hiyo, mpe chai ya tangawizi. Saa tano usiku namwangalia anavaa viatu, kashika kamba za kiatu mkononi anazitazama tu, hajui azifanyeje. Namsemesha, ananiita jina la kaka yake. Nikamsimamisha atembee, akayumba kama mlevi. Ukiona hivyo mkuu ubongo unavimba, na tiba ni kushuka muda huohuo, hamna cha kusubiri kukuche. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakamfunga kwenye machela ya tairi moja wakashuka naye gizani, tairi linagonga mawe, tochi zinayumba, mimi nyuma nalia waziwazi. Kufika Horombo akaniuliza tuko wapi. Mungu awabariki wale vijana.

Hospitali siku sita, tiketi za Nepal zikaungua, bima hatukuwa nayo, hela ya parachichi ikaisha kabla hatujavuka mpaka hata mmoja. Nampigia yule jamaa ananiambia mlima ndivyo ulivyo. Hapana, mlima hauko hivyo! Alikata siku ili bei yake ionekane ndogo kuliko ya wenzake, basi. Na sisi Watanzania tozo za hifadhi tunalipa kwa shilingi, kidogo sana ukilinganisha na mgeni, siku ya ziada tungeimudu bila kukopa.

Kwa hiyo shika hili moja: ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, kila siku ya tatu au ya nne lala palepale, na mmoja wenu akiumwa kichwa hakuna kupanda mpaka kipone. Njia ikilazimisha kuruka zaidi kama Mandara kwenda Horombo, basi Horombo mlale usiku mbili. Njia ya Lemosho ya siku nane ni bora zaidi, unapandishwa Lava Tower kwenye 4,600 mchana ili mwili uzoee, halafu unashuka kulala Barranco chini ya 4,000. Nepal tulienda miaka miwili baadaye kwa mtindo huo, Namche 3,440 usiku mbili, Dingboche 4,410 usiku mbili, tukafika kambi ya chini ya Everest 5,364 na waifu ndiye aliyekuwa ananingoja mbele.

Viatu nunua mapema uvizoeshe kwenye vilima vya huko kwenu. Kamera sijui, sisi tulitumia simu.

Sasa niandikie hapa ratiba yenu ya kulala, usiku kwa usiku na mita zake, Kili na Nepal zote. Leo niko mtandaoni mpaka saa nne usiku, nitaipitia kabla hujamtumia mtu hela.