Maswali ya Wasomaji: Wawili Gombe, Siku Moja

SWALI: Mwakeye wahariri. Mimi na mke wangu tunaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mwezi ujao tunatimiza miaka miwili ya ndoa na tunataka tutoke wawili tu, twende Gombe tukaone sokwe, turudi siku hiyohiyo kwa kuwa duka halina wa kulishika. Siku yenyewe inaangukia Jumapili. Jirani anasema tupande boti za abiria pale Kibirizi, nauli yake ndogo. Inawezekana? – Msomaji, Mwanga

JIBU: Kwa boti ya abiria haiwezekani, na Jumapili ni sababu ndogo tu. Boti hizo ni za watu wa vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Asubuhi huwaleta mjini na dagaa zao, na mchana huwarudisha nyumbani. Saa yao na saa yenu zinapishana kabisa. Kwa kawaida boti huondoka Kibirizi kati ya saa sita na saa nane mchana, Jumatatu hadi Jumamosi, na kwa kuwa husimama kila kijiji, safari huchukua saa tatu mpaka nne. Mtashuka Kasekela, kituo cha hifadhi pale ufukweni, jua linazama. Inayorudi mjini hupita hapo mapema, hata saa moja asubuhi. Kwa hiyo anayeifuata boti hiyo analala huko usiku mara mbili: siku ya kwanza kufika, ya pili kuingia msituni, ya tatu kurudi. Kwa wenye nafasi ni safari nzuri sana na ya bei nafuu. Kwa mwenye duka, hapana.

Mnachohitaji ni boti ya kukodi, na hapo ndipo wengi wanapopigwa bei kwa kutojua hesabu. Mpaka wa hifadhi uko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, na Kasekela iko mbele zaidi ya hapo. Boti nyepesi yenye injini ya nguvu farasi 40 hufika kwa saa moja hadi moja na nusu. Mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini ya 15 huchukua saa mbili na zaidi. Injini ya 40 ya mipigo miwili ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 18 kwa saa, lakini nahodha mwenye akili haifungui hivyo. Pigeni lita 12 hadi 15 kwa saa. Kwenda na kurudi ni kama saa tatu, yaani lita 36 hadi 45, halafu mwongeze lita 10 za akiba. Zidisheni kwa bei ya petroli ya siku hiyo, wekeni oili (lita moja kwa lita 50 za petroli), posho ya nahodha na msaidizi wake, na faida ya mwenye chombo. Ukimtajia hesabu hiyo, maongezi hubadilika mara moja. Mkipata wenzi wengine wawili watatu wa kuchangia, gharama ya mafuta haipandi kwa kiasi kikubwa.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, nendeni mkakione chombo kwa macho. Jaketi okozi liwe moja kwa kila kichwa, na mlivae palepale mjaribu kufunga mikanda yake, maana mengine buckle zake zimekufa zamani na yamebaki kuwa mito ya kukalia. Muulizeni nahodha leseni ya chombo, ile inayotolewa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Tazameni kama kuna kasia, kopo la kukumbia maji, plagi mbili za akiba na spana yake. Injini nyingi zinazozimika katikati ya ziwa hazijafa. Oili imezidi kwenye mchanganyiko na plagi zimejaa masizi, au petroli ina maji, au kipande cha nyavu kimejisokota kwenye pangaboi. Kazi ya dakika kumi, kwa mwenye spana. Asiye nayo hukaa akipungia mikono wavuvi.

Sasa muda. Muwe mmeng'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi, na kumi na mbili yenyewe, si ile ya "tunasubiri mafuta". Jazeni mafuta jioni ya kuamkia safari. Ziwa asubuhi mara nyingi limetulia. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi hushika nguvu kadiri siku inavyokwenda, na mnaporudi mjini mnaelekea kusini, mawimbi yanawapiga usoni. Ndiyo maana saa nane mchana, tisa ikizidi, muwe tayari mko ndani ya boti. Wekeni nguo za kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki mgumu uliofungwa mdomo, na simu pia.

Mkifika Kasekela mnajiandikisha, mnaonyesha vitambulisho vya taifa (bila hivyo mtahesabiwa kama wageni wa nje, na tofauti ya kiingilio ni kubwa mno), mnapewa muongozaji. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12, si fedha taslimu mkononi. Iombeni mapema kwenye ofisi ya hifadhi mjini na mlipe kwa simu mkiwa Mwanga. Msitegemee mtandao wa ufukweni.

Kila jioni sokwe hujenga kitanda kipya cha matawi juu ya mti. Wafuatiliaji huona walipolala, na alfajiri huanzia hapo. Kwa hiyo muongozaji wenu hakisii, ana wenzake mbele wanaompa taarifa. Hata hivyo kundi huweza kuwa nusu saa kutoka ufukweni au saa nne za kupanda. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima ya Gombe unapita mita 1,500, tena kwa umbali mfupi. Ni ukuta. Vaeni raba zenye meno, suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na kila mmoja abebe lita mbili za maji. Viatu vipya vya sherehe viacheni nyumbani, na hata hilo gauni jipya, mama.

Mkiwafikia, saa yenu moja inaanza kuhesabiwa. Kundi la wageni halizidi sita, barakoa usoni, umbali mita 10, ambazo ni kama hatua 13 za mtu mzima. Sokwe mwenyewe akiwasogelea ninyi ndio mnaorudi nyuma au kumpisha njia, bila kukimbia. Dume akianza kuburuta matawi na kupiga mashina ya miti, shikeni mti, kaeni pamoja, atapita. Simu zizimwe mwanga wa kamera.

Usipoteze saa hiyo yote kwenye picha. Tazameni sokwe anavyokula chikichi. Anakaa juu ya mchikichi, anachomoa tunda moja, analigeuzageuza kinywani mpaka ile nyama ya rangi ya chungwa imekwisha, midomo inang'aa mafuta, kisha mise, yaani kokwa yake, inaanguka chini, tap, nzima. Sokwe wa baadhi ya misitu ya Afrika Magharibi huipasua kokwa hiyo kwa jiwe juu ya jiwe na kula kiini. Wa Gombe, katika mkoa huu wa mawese, hawafanyi hivyo. Mvua za kwanza zikianza, mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, ombeni kupitishwa kwenye vichuguu: anachagua kijiti, anakichambua majani, anakiingiza tunduni polepole, anakitoa kimejaa mchwa na kukipitisha midomoni. Hilo ndilo mtafiti Jane Goodall aliliona hapo mwaka 1960, miezi michache baada ya kufika tarehe 14 Julai, na likawalazimisha wataalamu kufikiri upya kuhusu madai kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana.

Muulizeni pia muongozaji majina. Watoto hupewa jina linaloanza na herufi ya mama: Flo alimzaa Fifi, Fifi akamzaa Freud. Ukijua herufi unajua ukoo, na saa nzima inageuka kuwa umbea wa mtaani.

Muda ukibaki, shukeni kwa maporomoko ya Kakombe, kama mita 25, karibu na Kasekela. Kwa wapenzi hapo panatosha.

Kuhusu Jumapili: boti ya kukodi haijali siku, ila hakikisheni nahodha si mtu wa ibada ya asubuhi.

SWALI: Tumeshalipia kila kitu, safari ni keshokutwa, na mume wangu ameamka na mafua na kikohozi. Anasema atameza dawa na kujikaza, nani atajua? – Mama wa Gungu

JIBU: Mama, sokwe ndio watakaojua. Miili yao na yetu inafanana kiasi kwamba mafua yetu huingia kwao bila kubisha hodi, na kwao hugeuka homa ya mapafu inayoua. Dawa ya kikohozi huficha dalili tu, vijidudu vinabaki palepale na pumzi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ulioikumba jamii ya watu katika eneo hili uliingia mpaka Gombe. Sokwe kadhaa walikufa na wengine walibaki vilema. Dume mzee aliyeitwa McGregor alipooza miguu yote miwili, akawa anajiburuta kwa mikono. Watafiti walilazimika kuwapa waliosalia chanjo ndani ya ndizi.

Muongozaji akimsikia anakohoa atamrudisha, hata kama mmeshapanda saa tatu. Pigeni simu leo ofisi ya hifadhi na kwa nahodha, ombeni kusogeza tarehe. Nahodha ambaye hajanunua mafuta ni rahisi kukubali, kwa hiyo piga leo, usingoje kesho. Msogeze mpaka kikohozi kiishe kabisa, na kama nawe umeanza kuwashwa koo, hesabu yako pia ianze upya.

SWALI: Mchumba wangu anataka tuwabebee sokwe ndizi za mzuzu ili wasogee tupige picha. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Jambo hilo lilishafanywa na watafiti wenyewe: miaka ya 1960 waliweka ndizi kambini ili sokwe wazoee watu. Waliozoea walikaa hapo kutwa, madume wakapigana, na nyani nao wakaja kugombania. Ugawaji ukapunguzwa hatua kwa hatua, na mwaka 2000 ukakoma kabisa.

Tena, hizo ndizi hazitamfikia sokwe. Nyani wa ufukweni Kasekela wanajua mlio wa mfuko wa plastiki kuliko sisi. Chakula chenu kibaki ndani ya chombo chenye kifuniko, mle ndani ya banda lenye wavu, mfunge mlango nyuma yenu. Nyani akishaushika mfuko, mwachie. Meno yake ya mbele si ya kuvutana nayo kamba.

SWALI: Mwangaluka. Tuko Tabora. Ningependa kumpeleka mwenzangu Gombe kwa treni, lakini anaogopa maji sana. Kuna barabara? – Msomaji, Tabora

JIBU: Mwangaluka ndugu. Treni itawafikisha Kigoma, ila mgeni huingia Gombe kwa maji, na ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari. Jaribuni kwanza kupanda boti fupi ndani ya ghuba ya Kigoma, asubuhi, jaketi likiwa mwilini. Akishindwa hapo, msimlazimishe, mtu aliyeshikwa na hofu hupenda kusimama, na boti ndogo haipendi wanaosimama. Basi nendeni Ujiji kwa gari, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna makumbusho na miembe, na samaki wa kuchoma njiani.

Na kama hamu ni wanyama tu, nyumbani kwenu Tabora ipo bustani ya wanyamapori iliyo chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Nusu siku inatosha. Fikeni asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Saa saba mchana kwa jua la Tabora, simba na mbwa wa jirani hamuoni tofauti: wote wamelala.

SWALI: Tukitoka msituni tunaruhusiwa kuoga ziwani? Tunasikia habari za kichocho.

JIBU: Muulizeni askari wa hifadhi mahali pa kuingilia. Konokono wabebao kichocho hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na karibu na makazi ya watu, kwa hiyo chagueni penye mawe na maji maangavu, mbali na vijito vinavyoingia ziwani, na mkitoka mjifute kwa taulo papo hapo. Wiki sita hadi nane baadaye pimeni choo na mkojo zahanati. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na dozi hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo msigawane vidonge vya jirani.

SWALI: Mdogo wa mke wangu ana miaka 12, analia tumchukue. Anaruhusiwa?

JIBU: Kwa sokwe ni kuanzia miaka 15. Mnaweza kumfikisha Kasekela akabaki ufukweni, lakini mmoja wenu itabidi abaki naye, na hapo siku ya wawili imekwisha. Mwacheni kwa bibi yake.