Sahani imepasuka yenyewe kabatini: maswali yenu ya kioo cha tanuru

Wiki hii karibu wote mlioandika ndo mnaanza kuyeyusha kioo kwenye tanuru, nimechukua matano, mengine yalikuwa yanajirudia.

Naweza kuanza na chupa na vioo vya dirisha au lazima ninunue vya nje?

Anza na dirisha, tena mabaki ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu, kila siku wanatupa. Ila vipande unavyotaka vishikane vitoke kwenye shiti moja. Kila kioo kina kiasi chake cha kutanuka kwenye moto na kunywea kikipoa, sasa ukikiozesha cha chupa na cha dirisha vitashikana vizuri tu, ugomvi unaanza vikipoa, huyu anavuta huku yule anavuta kule. Ndo maana vioo vya Bullseye vya Portland, Marekani vinaitwa 90 na kuna vingine 96, hicho ndo kipimo cha kutanuka, usivichanganye. Vioo vya milango ya gari achana navyo, ukijaribu kukata vinageuka punje.

Sahani yangu ilitoka nzima, siku ya tatu ikapasuka yenyewe kabatini. Ni jini?

Jini gani jamani, haraka tu! Kama kioo kilikuwa cha aina moja basi hukukipoza vizuri, nje kilishakuwa kigumu wakati ndani bado kina moto na ile mivutano ikabaki humo humo inasubiri siku yake. Mimi ya kwanza niliua kwa mkono wangu, tanuru likiwa digrii 200 za Selsiasi nikainua mfuniko kidogo tu nichungulie, nikasikia tik, basi, ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kioo cha dirisha panda taratibu mwanzoni, fika kama 830, kaa dakika 10 hivi, halafu acha joto lishuke lenyewe hadi karibu 540 na hapo ndo ushikilie saa nzima, baada ya hapo digrii 50 kwa saa mpaka 370, kisha zima ukalale. Usifungue mpaka asubuhi. Na ufa unasomeka bana, pitisha kidole pembeni yake (polepole!), ukikuta kingo zimekuwa laini za mviringo ujue kilipasuka wakati kinapanda kikayeyuka baadaye, zikiwa kali kama wembe kilipasuka kikishuka.

Mbona kioo changu kimetoka na ukungu mweupe juu?

Uso umeanza kuganda chembechembe, kioo cha dirisha ndo ugonjwa wake. Uchafu na alama za vidole vinachangia, na kukaa sana kwenye 700 na kitu pia, kwa hiyo pale kati ya 830 na 540 usipoze polepole, huko ndo kwa kupita mbio. Osha, kausha, shika kwa kingo.

Nimeweka kioo kimoja cha milimita 3, kimenywea na kingo zina miiba. Nimekosea wapi?

Hukukosea, kioo kikiyeyuka kabisa kinataka unene wa kama milimita 6, chembamba kinajikusanya na kinene kinatambaa. Weka viwili vya 3, basi. Afu usisahau kupaka shelfu ya tanuru unayolazia kioo ule uji mweupe wa kaolini na alumina, tabaka nne tano, uache ukauke, la sivyo utang'oa kioo na shelfu pamoja.

Oveni ya keki au jiko la mkaa haviwezi?

Oveni inaishia 250 hivi, haifiki hata theluthi ya njia. Mkaa moto unafika ila kushuka digrii 50 kwa saa utakaa unapepea usiku kucha na bado utakosea. Tafuta mfinyanzi mwenye tanuru la umeme lenye kipima joto mpatane. Pia nenda kaone karakana za kioo, Kitengela nje ya Nairobi au Shanga pale Arusha, wao wanapuliza kioo chakavu, sio kazi hii hasa, ila wageni wote wanakodolea ule moto, wewe simama kwenye sanduku la kupozea uulize wanashusha kwa saa ngapi.