Siku ya Kwanza Kariakoo: Mzigo Kwanza au Shangazi Kwanza?

SWALI: Mhariri, salaam. Nina duka dogo la vitenge, khanga na nguo za watoto mjini Songea. Kwa miaka minne nimekuwa nikiagiza mzigo kupitia kwa jirani yangu anayekwenda Dar es Salaam kila mwezi, na sasa nimeamua kwenda mwenyewe sokoni Kariakoo nikiwa na shilingi milioni 4. Dar nilifika mara moja tu, mwaka 2009, tukashukia Ubungo. Shangazi yangu anaishi Chanika na anasisitiza nifikie kwake. Niipange vipi siku ya kwanza ili nimalize kununua siku hiyo hiyo na kupanda basi la kurudi alfajiri yake?
Mama Duka, Songea

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokugharimu: siku ya kwanza usinunue kitu. Mtu aliyeondoka Songea alfajiri, akapita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, huingia Dar usiku miguu ikiwa imevimba, na asubuhi yake kila bei anayotajiwa Kariakoo huiona nafuu kwa sababu bado anailinganisha na bei ya Songea, ilhali kipimo chake kilitakiwa kiwe bei ya duka linalofuata, hatua ishirini mbele. Kipimo hicho hakipatikani kabla ya saa nane mchana. Kwa hiyo tenga siku mbili, na uondoke nyumbani Jumatatu, ili Jumanne iwe ya kutazama na Jumatano ya kununua. Jumapili maduka mengi ya jumla hufungwa, na Ijumaa mchana baadhi husimama kwa ajili ya swala.

Stendi ya Ubungo unayoikumbuka haitumiki tena kwa safari hizo. Tangu 2021 mabasi ya mikoani yana stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapo, ukifika kabla usiku haujawa mkubwa, mabasi ya mwendokasi yatakufikisha Kimara na kisha Gerezani, ambako Kariakoo unaifikia kwa miguu.

Hapo ndipo penye suala la shangazi. Chanika iko mbali, pembezoni mwa jiji, na kutoka huko kuja Kariakoo kila asubuhi ni kuanza kazi ukiwa umekwisha kuchoka. Lala gesti iliyo karibu na soko. Hata hivyo mpigie shangazi wewe mwenyewe kabla hujapanda basi, usimwachie binamu afikishe ujumbe, na umweleze kwamba usiku wa kwanza na wa pili ni wa mzigo, na wa tatu ni wake. Akisikia kwa mtu mwingine kwamba uliingia mjini na kulala gesti, utalisikia jambo hilo kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo.

Sasa, Jumanne yenyewe. Jengo la soko ambalo wengi hulifikiria wakisikia jina Kariakoo, lile lililoungua tarehe 10 Julai 2021, lilijulikana zaidi kwa vyakula, mbegu na pembejeo; Kariakoo ya mfanyabiashara wa nguo ni mitaa inayolizunguka. Kwa khanga na vitenge anzia Mtaa wa Uhuru, na kwa nguo za watoto pita Mtaa wa Congo na vichochoro vyake, ukiingia ndani ya maghorofa badala ya kuishia kwenye meza za barabarani. Swali la kuuliza kila duka ni moja: “Bei ya jumla inaanzia pisi ngapi?” Kuna wanaoanzia tatu, kuna wanaotaka dazeni, na bei mbili zinazolingana kwa mdomo huachana sana zikifika hapo. Andika kwenye daftari jina la duka, mtaa, ghorofa na namba ya fremu, kwa kuwa korido za majengo yale zinafanana na kesho hutaikumbuka ulikoiona bei nzuri.

Beba futi kamba ya fundi cherehani. Mimi niliwahi kununua vitenge ishirini vilivyoandikwa yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, na nyumbani fundi akanionyesha kwamba kila kimoja kilikuwa pungufu kwa shubiri nzima. Duka lile silitaji, ila tangu hapo hufungua kitenge kimoja nikakipima mbele ya muuzaji, na sijaona muuzaji mwaminifu aliyeudhika. Kwa nguo za watoto, omba kufunguliwa pakiti mpaka katikati. Dazeni huja na saizi mchanganyiko, na usipoangalia utapata nyingi za vichanga na chache za umri wa miaka minne hadi sita, ambazo labda ndizo wateja wako wanaziulizia.

Fedha zako ziache benki au kwenye simu, ukalipie kwa lipa namba au kwa akaunti yenye jina la duka. Na udai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye kiasi kamili, ukitoa namba yako ya mlipakodi (TIN). Utatajiwa bei mbili, yenye risiti na isiyo na risiti, na tofauti itakutamanisha. Lakini mnunuzi naye anawajibika kisheria kudai risiti, na mzigo usio nayo unaweza kuzuiwa njiani. Ukaguzi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wafanyabiashara wa Kariakoo wafunge maduka Mei 2023, kwa hiyo usiuchukulie kuwa jambo dogo.

Kabla ya kurudi gesti, pita kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo ya Songea na uulize lori linapakia saa ngapi, ili Jumatano ujue mwisho wako ni saa ngapi.

SWALI: Je, mawinga wa Kariakoo ni matapeli? Msomaji, Masasi

JIBU: Si wote, na wengi si hivyo. Winga ni kijana asiye na duka wala stoo, anayekushika njiani na kukupeleka kwa mwenye mali, kisha anaishi kwa cha juu anachoongeza kwenye bei yako. Siku ya kwanza mkatalie kwa upole, kwa sababu akiwa nawe hutaijua bei halisi. Siku ya pili, ukiwa na daftari lako mkononi na kuna saizi uliyoikosa mtaa mzima, mwite. Ataipata kwa nusu saa, na cha juu chake hapo ni ujira wa haki.