Mtoto anasoma nyumbani, shule ni ya umma: majibu kwa wazazi wa California

Shule za chata ni shule za umma zenye bodi zao wenyewe, zinazoendeshwa kwa kibali cha wilaya ya shule, kaunti au jimbo. Minnesota ndiyo iliyotangulia kupitisha sheria yake mwaka 1991, California ikafuata 1992. Baadhi ya shule hizi hazina darasa la kila siku. Mtoto hujifunza nyumbani, na mwalimu wa shule ndiye anayesimamia. Wazazi wanaozungumza Kiswahili wametuandikia kuhusu shule za aina hii, na tumechagua maswali saba.

Hii ina tofauti gani na mimi kumfundisha mtoto mwenyewe? Na ada ni kiasi gani? (Mama wa watatu, El Cajon)

Ada hakuna, dada. Ukiamua kumfundisha mwenyewe, California inakutaka ujaze hati ya kiapo kati ya tarehe 1 na 15 Oktoba, na nyumba yako inahesabiwa kuwa shule binafsi: vitabu ni juu yako, gharama ni juu yako, na hakuna mwalimu wa umma anayekufuatilia. Kwenye chata, mtoto wako ni mwanafunzi wa shule ya umma kama wenzake wanaopanda basi la njano asubuhi. Ana mwalimu mwenye leseni, anafuata viwango vya jimbo na anafanya mitihani ya jimbo. Njia hizi mbili haziendi pamoja, lazima uchague moja.

Angalia na kaunti. Shule ya aina hii huandikisha watoto wanaoishi katika kaunti yake au kaunti zinazopakana nayo tu. Wewe uliye El Cajon, ndani ya kaunti ya San Diego, unaweza kuomba shule ya San Diego, Orange, Riverside au Imperial, lakini si ya Los Angeles. Maombi yakizidi nafasi, inachezeshwa bahati nasibu ya wazi. Na tafadhali, usimtoe mtoto shule ya zamani kabla hujapewa tarehe ya kuanza huku kwa maandishi. Mtoto wa miaka 6 hadi 18 akikaa wiki mbili bila shule yoyote, anahesabiwa mtoro.

Tumepewa makubaliano ya kurasa nyingi, yote Kiingereza, tuyasaini. Tunasaini nini? (Baba, Sacramento)

Kabla ya kusaini, una haki ya kuomba kikao na mwalimu akufafanulie. Omba na mkalimani hapo hapo. Makubaliano hayo, ya mtoto kujifunza nyumbani chini ya mwalimu wa shule, yanasainiwa na mwanafunzi, mzazi au mlezi, na mwalimu msimamizi, na hayavuki mwaka mmoja wa shule. Soma kwa makini sehemu tatu. Ya kwanza ni namna na tarehe za kukabidhi kazi. Ya pili ni idadi ya kazi ambazo mtoto akizikosa, shule itaanza kutathmini kama njia hii inamfaa. Ya tatu ni vifaa: sheria inaitaka shule ihakikishe mtoto ana kompyuta na intaneti ya kutosha, au impatie. Kama nyumbani mnategemea simu moja ya baba, sema siku hiyo hiyo, usingoje mtoto akwame.

Mwisho, angalia tarehe. Usikubali kuweka saini yenye tarehe iliyokwisha kupita.

Mwanangu anasoma kila siku, lakini mwalimu amekataa kazi zake na kusema mahudhurio hayajakamilika. Hii ni haki? (Mama, Fresno)

Swali hili limekuja zaidi ya mengine yote, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu.

Kwenye darasa la kawaida, mahudhurio ni mtoto kuonekana kwenye kiti. Hapa kiti hakipo. Shule inapokea fedha za jimbo kwa kuonyesha vitu viwili. Kwanza, daftari la mahudhurio ambalo mzazi analijaza, kwamba siku fulani ya shule mtoto alifanya kazi ya masomo. Pili, kazi yenyewe, ambayo mwalimu anaipima na kuamua ni ya thamani ya siku ngapi za masomo. Vikipishana, mwalimu hana la kufanya: sheria haimruhusu kukubali siku asizoweza kuzithibitisha. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa amesoma kweli na bado akakosa siku.

Shule nyingi hugawa mwaka katika vipindi vya siku 20 hivi za masomo. Kipindi kikiisha, mwalimu hukutana na familia, hupitia daftari na kuchukua sampuli za kazi, kwa kawaida moja kwa kila somo. Sampuli hurudishwa kwa sababu zile zile. Karatasi haina jina wala tarehe. Tarehe ni ya Jumamosi au ya likizo, wakati siku inayohesabiwa ni ile ambayo shule iko wazi. Picha imepigwa usiku chini ya taa, kivuli cha mkono kimefunika nusu ya ukurasa. Au ni ukurasa wa hesabu wenye majibu kumi na mawili yaliyopangwa, bila mstari mmoja wa kuonyesha yalivyopatikana. Na wakati mwingine mwandiko ni wa mama. Mwalimu anaujua mwandiko wa mtoto.

Sampuli nzuri inaonekana hivi: juu kulia jina kamili, darasa, somo na tarehe, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Chini yake hesabu ya mgawanyo imeandikwa hatua kwa hatua, kosa moja limekatwa kwa mstari na kurekebishwa pembeni. Usilifute kosa hilo. Mwalimu anataka kuona mtoto alivyofikiri. Piga picha mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja, na usome herufi kwenye skrini kabla ya kutuma.

Daftari nalo lijazwe kila siku jioni. Wanaongoja kulijaza kwa mkupuo siku moja kabla ya kikao ndio wanaoweka alama kwenye sikukuu. Bandika kalenda ya shule kwenye mlango wa friji na ukate siku kwa kalamu.

Jirani anasema shule inampa pesa za kumnunulia mtoto vitu. Mbona sisi hatujapewa? (Mlezi, San Diego)

Hakuna mzazi anayepewa pesa mkononi. Baadhi ya shule hutenga kiasi kwa kila mwanafunzi, tofauti shule na shule, na fedha hizo zinabaki za shule. Mwalimu ndiye anayeagiza kitabu, vifaa vya sayansi au darasa la kuogelea kutoka kwa mtoa huduma aliyeidhinishwa. Vitabu vya dini haviruhusiwi. Kitu kisichoisha kwa kutumiwa, kama kompyuta, hadubini au kinanda, kinarudishwa mtoto akihama. Ukinunua dukani ukapeleka risiti, kwa kawaida hutarudishiwa kitu.

Ukali huu una chanzo. Mwaka 2019, palepale San Diego, watu 11 walifunguliwa mashtaka kuhusu mtandao wa shule za chata za masomo ya mbali, na ikaelezwa kwamba kuna watoto walioandikishwa bila familia zao kuelewa. Kwa hiyo mtu akikuletea fomu ya chata kwenye mazoezi ya mpira au sherehe, akasema ni saini tu, mrudishie.

Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani niliandika Kiswahili. Rafiki ananilaumu. Nimeharibu? (Mama wa Kikongo, San Diego)

Hujaharibu, mama. Umefanya sawa. Jibu hilo linaleta mtihani wa Kiingereza uitwao ELPAC, ambao hufanywa ndani ya siku 30 tangu kuandikishwa: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtoto akionekana anamudu Kiingereza, basi yameisha. Akiwa bado, shule inalazimika kumpa masomo ya kukuza Kiingereza, naye atapimwa tena kila mwaka kati ya Februari na Mei mpaka avuke. Ukificha, unamnyima msaada huo, na mtoto anayejifunzia nyumbani hana wenzake wa kusikia Kiingereza kwao mchana kutwa. Mtihani huu hauhusiani na uhamiaji.

Binti yangu ana tatizo la usemi. Shule ya mbali itamhudumia? (Baba, Sacramento)

Ni lazima. Kama ana mpango wa elimu maalumu, yaani IEP, kutoka shule ya zamani, peleka nakala siku ya kuandikisha, na huduma zinazolingana na zile zianze wakati mpya zinapangwa. Kama hana, omba tathmini kwa barua yenye tarehe, si kwa mdomo, na baki na nakala. Shule ina siku 15 za kukuletea mpango wa tathmini, na ukishasaini, siku 60 za kukamilisha na kufanya kikao. Likizo ndefu hazihesabiwi ndani yake. Mkalimani ni juu ya shule. Usikubali mtoto mkubwa akae kutafsiri habari za mdogo wake.

Uliza pia huduma itatolewaje. Tiba ya usemi kwa video inafaa watoto wengi, lakini mtoto asiyetulia mbele ya skrini anahitaji mtu wa ana kwa ana, na hilo liandikwe ndani ya IEP.

Nafanya kazi zamu ya usiku, nalala mchana. Je, tutaweza? Na chuo kikuu kitamkubali? (Mama wa kijana wa darasa la 9 na mdogo wake wa darasa la 2, Los Angeles)

Kwa mdogo, tungekushauri usifanye, labda kama kuna bibi, shangazi au mtu mzima mwingine aliye macho mchana. Watoto wa chekechea hadi darasa la 3 wanatakiwa kupata nafasi ya somo la moja kwa moja na mwalimu kila siku, na mtoto wa miaka saba hawezi kujiingiza peke yake na kukaa. Kwa darasa la 9 hadi 12, somo la moja kwa moja ni angalau mara moja kwa wiki, na kazi nyingine anaweza kuifanya jioni ukiwa umeamka.

Kuhusu chuo, kabla ya kuandikisha uliza kama shule ina ithibati ya WASC, taasisi inayothibitisha ubora wa shule, na kama masomo yake yako kwenye orodha ya A-G, yaani masomo ya sekondari yanayotakiwa na University of California (UC). Zinahitajika kozi 15 za mwaka mzima, kila moja kwa alama C au zaidi: Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 2, historia 2, lugha nyingine 2, sanaa 1 na ya kuchagua 1. Shule ikikosa orodha hiyo, kijana atamaliza na cheti kisichomfungulia mlango wa UC moja kwa moja. Na kama alisoma Tanzania darasa la 6 na la 7 kwa Kiswahili, mpe mshauri wa shule ripoti zake. Masomo ya miaka miwili kuanzia kiwango cha darasa la 6 katika lugha isiyo Kiingereza yanaweza kutimiza sharti la lugha, akabaki na nafasi mbili za masomo mengine.