Riwaya za kumpa kijana wa miaka 14

Dada, umeuliza umpe mwanao wa miaka 14 riwaya gani, maana zile za shuleni anazisoma kwa ajili ya mtihani tu. Ningeanza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, kwa sababu mhusika wake mkuu ni kijana anayeondoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya, na safari ya namna hiyo humvuta msomaji hata pale lugha inapokuwa nzito kidogo. Akipenda hadithi za upelelezi, mpe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa, mvutaji kiko asiye na papara, anachunguza mauaji. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi ni nzuri mno, lakini ina mapenzi ya watu wazima. Isome wewe kwanza. Asipovutiwa na kurasa 30 za mwanzo, mruhusu abadilishe kitabu, na akimaliza sura usimwulize maswali ya ufahamu (walimu wanatosha kwa hilo), bali mwache akusimulie mwenyewe akipenda.